Tiketi ya Pili si Hasara

Mwezi huu nataka tuongelee jambo ambalo wanandoa wengi wa huku kwetu Kahama tunalizungukazunguka bila kuligusa. Ile safari ya China.

Mwenye duka Nyasubi anaujua utaratibu. Baba anakwenda Guangzhou kufuata mzigo, mama anabaki kaunta. Wiki mbili baadaye baba anarudi na mikoba, viatu, mapazia, na simu yenye namba mpya ya siri. Mama anahesabu mzigo kwa mdomo, lakini moyoni anapiga hesabu nyingine kabisa. Alilala wapi? Alikula na nani? Mbona picha zote yuko peke yake, nani alimpiga? Ndoa ngapi tumeziona zikitetereka kwa maswali hayo, ilhali huenda jamaa wa watu alikuwa anabeba marobota tu mpaka mgongo unauma?

Mwaka jana mwenzangu alipoanza maandalizi, nikamwambia safari hii twende wote. Jamani, kilichofuata ni kikao cha ukoo. Eti nauli yangu ingetosha kuongeza mzigo. Eti mke kwenda kutalii kwa pesa ya mtaji ni kuchezea riziki. Yeye mwenyewe mwenzangu alikuwa kimya, na ule ukimya ndio ulionifanya niendelee kudai. Mwisho tukakubaliana hivi: siku sita za soko, siku mbili za kwetu. Siku za kwetu hakuna kuuliza bei ya jumla. Duka tukamwachia mdogo wangu.

Tukapanda basi mpaka Mwanza, ndege mpaka Dar, tukaunganisha Addis Ababa, tukatua Guangzhou mwishoni mwa Novemba. Tulichagua muda huo makusudi. Yale maonyesho makubwa ya biashara, yanayofanyika tangu 1957, huwa Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba mwanzoni, na hapo hoteli hupandisha bei ile mbaya. Mwishoni mwa Novemba joto limepungua na unatembea bila kutota jasho.

Ukubwa wa ule mji usiombe! Sensa yao ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18. Mkoa wetu mzima wa Shinyanga, kwa sensa ya 2022, una watu milioni 2 na ushee. Lakini hupotei, maana treni za chini ya ardhi, zilizoanza 1997, zinakufikisha karibu kila kona.

Siku sita za soko sitazisimulia sana, wafanyabiashara mnazijua. Mikoba ni Sanyuanli, nguo ni Baima karibu na stesheni ya reli, na jioni Waafrika wengi hukutana mitaa ya Xiaobei. Siku hizi hawako wengi kama zamani. Mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba walizopanga, na wapo ambao hawakurudi tena.

Sasa njoo kwenye siku zetu mbili.

Ya kwanza tuliianza kwa chai. Wenyeji wa Guangzhou wanaita yum cha, maana yake kunywa chai, na kama ilivyo kwetu, ukikaribishwa chai ujue kuna vitafunwa. Unaletewa birika, halafu vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke: vidonge vya unga vyenye kamba ndani, maandazi meupe yaliyopikwa kwa mvuke, na unga wa mchele uliomiminwa mwembamba kama chapati ya maji, ukakunjwa na yai na kumwagiwa sosi ya soya. Kikapu cha nne nikacheka kwa sauti. Miguu ya kuku! Mwenzangu, aliyekuwa ameapa kula wali na yai tu mpaka turudi, akavuta kikapu upande wake. Mzee mmoja meza ya jirani alitufundisha kwa ishara: ukimiminiwa chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo ahsante yao. Kuanzia hapo mume wangu kila nikimmiminia ananigongea meza. Miaka yote ya ndoa sijawahi kushukuriwa hivyo kwa chai.

Kisha tukaenda bustani ya Yuexiu kuiona sanamu ya mbuzi watano. Hadithi yao inasema zamani walikuja malaika watano wamepanda mbuzi, wakaleta masuke ya mpunga na kuubariki mji usione njaa tena. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Sisi tunaotoka kwenye mpunga wa Kahama tulijiona tumefika kwa ndugu.

Mchana tukatembea kisiwa cha Shamian, penye miti mikubwa na majumba ya zamani ya Waingereza na Wafaransa waliokabidhiwa eneo lile karne ya 19. Leo maharusi hujazana pale kupiga picha. Tukapiga na sisi, mimi na kitenge changu. Jioni tukavuka Mto Pearl kwa kivuko cha umma, nauli yuan chache tu, huku ule mnara wa mita 600 uliofunguliwa 2010 ukibadilisha rangi mbele yetu. Zipo boti za watalii za bei mbaya, lakini mto ni uleule.

Siku ya pili ilikuwa ya kula mitaani, na hapa ndipo penye mada yangu.

Liwan ni mji mkongwe, vichochoro na ngazi. Tulinunua kiazi kitamu cha kuchoma, tukagawana kama wanafunzi. Tukala maziwa mazito ya nyati, yaliyogandishwa kwenye kibakuli na kuwa laini kama mtindi mtamu. Mchana tukaingia kajimgahawa kadogo kanakopika wali kwenye vyungu vya udongo, kila mtu na chungu chake, kuku na uyoga juu. Chini kabisa, wapenzi wasomaji, kuna ukoko! Mkavu, wa kahawia, na wenyeji wanaugombea kama tulivyokuwa tunaugombea utotoni.

Tukiwa tunakwangua ukoko, mwenzangu akaweka kijiko chini.

“Mke wangu, kuna kitu sijakwambia.”

Moyo ukanipiga paa. Kumbe si mwanamke. Alikuwa ameanza mazungumzo na mkopeshaji ili ajaze kontena zima peke yake, na dhamana ingekuwa hati ya nyumba tunayoishi. Karatasi zilikuwa zinamsubiri Kahama. Ule ukimya wote nyumbani, kumbe ulikuwa huo.

Sikupiga kelele. Nani angenisikia, na kwa lugha gani? Nilimuuliza tu, biashara ikigoma watoto watalala wapi? Tukachukua karatasi ya kufutia mdomo, tukapiga hesabu pale pale, kwa bei ambazo na mimi nilikuwa nimezisikia kwa masikio yangu siku sita mfululizo. Tukaona mkopo ungemeza faida yote. Tukaamua kuchangia kontena na wenzetu, mzigo mdogo, usingizi mnono. Na kwa faida yako msomaji, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini sheria unaikimbilia jambo likishaharibika. Sisi tulilimaliza juu ya chungu cha wali.

Kwa nini hakuniambia Nyasubi? Nimelitafakari sana. Nyumbani kila mmoja ana cheo chake. Yeye ndiye anayeijua China, mimi ndiye ninayelijua duka, na wateja hawatupi hata dakika kumi. Kule wote tulikuwa washamba sawasawa, tunaelekeza chakula kwa kidole. Tena Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano: saa nne asubuhi kule, Kahama ni saa kumi na moja alfajiri, hakuna wa kukupigia. Mtu asiye na mahali pa kujificha, mwisho husema.

Mkipanga kwenda, mambo machache. Guguli na Wasapu kwa mtandao wa kule hazifunguki kirahisi, kwa hiyo pakua ramani na programu ya kutafsiri mapema. Malipo ni kwa simu kila mahali. Tangu 2023 wageni wanaweza kuunganisha kadi zao za benki, ila beba na pesa taslimu. Ukifikia kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Na kama huli kitimoto, uliza kwanza, maana kimo kwenye vitafunwa vingi. Tafuta migahawa ya Waislamu yenye maandishi ya Kiarabu, tambi zao za kuvutwa kwa mkono ni balaa.

Na kama China haipo mfukoni, si lazima iwe China. Mwanza ipo, sato wa kukaanga wapo, na Jiwe la Bismarck halidai viza. Cha msingi ni siku mbili za kwenu wawili, mahali ambapo hakuna anayewajua.

Kwa hiyo kina baba mnaopiga hesabu za safari ijayo, tiketi ya pili iandikeni kwenye mtaji. Na kina mama, ikinunuliwa, msiishie kushika mifuko. Sikilizeni bei.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.