Mtungi Mmoja kwa Wiki: Maji ya Tangi la Matumbawe



Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja wa kwetu pwani aliyehamia Nairobi, ambaye nyumba yake iko jirani na Soko la Burma. Jamaa yao aliyesafiri amewaachia tangi la kioo la lita 200 lenye maji ya chumvi, samaki wanne na vipande vichache vya matumbawe. Watoto wamelipenda mno. Baba yao, hata hivyo, huona mitungi ikimiminwa humo ilhali mferejini maji hayaji kila siku, naye ameuliza kama huku si kufanya israfu. Mama ataka kujua: maji haya yabadilishwe mara ngapi?

Jibu fupi ni hili: sehemu 1 kati ya 10, kila wiki. Kwa tangi lao ni lita 20, yaani mtungi mmoja. Lakini jibu fupi halimfai mtu asiyejua sababu yake, kwani siku mambo yatakapoharibika hatajua la kufanya.

Miamba ya matumbawe ya Kisite, Watamu na Malindi haibadilishiwi maji na mtu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua kina cha maji Mombasa huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Uchafu wa samaki huchukuliwa ukapotea katika bahari isiyo na mwisho, na madini ambayo matumbawe hujengea mifupa yao hurudi upya. Tangini hakuna maji kupwa wala maji kujaa. Kiumbe aliyetolewa baharini na kutiwa kiooni hana pa kukimbilia. Ni amana mikononi mwa mwenye nyumba, na mtungi wa kila wiki ndio bamvua yake.

Uchafu wenyewe waenda hivi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wakaao katika mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina ukali wa wenzake, lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika tangi la matumbawe ni vyema isipite miligramu 10 hivi kwa lita. Amonia na nitriti zisionekane kabisa katika kipimo.

Hapa ndipo hesabu inapofaa. Tuseme nitrati huongezeka miligramu 2 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha sehemu 1 kati ya 10 kila wiki, kiwango hakitashuka hadi sifuri. Baada ya muda kitatulia karibu na miligramu 20. Ukibadilisha sehemu 2 kati ya 10, kitatulia karibu na 10. Baba atasema: basi ni mitungi miwili! La. Punguza chakula kwa nusu, nitrati nayo ipungue kiasi hicho, na mtungi ule mmoja utaleta matokeo yale yale. Kwa hiyo swali la mara ngapi hujibiwa kwanza na mkono unaolisha. Watoto wakipokezana kuwarushia samaki chakula asubuhi, adhuhuri na jioni, hakuna mtungi utakaotosha. Aachiwe mtoto mmoja zamu ya siku, na atie kiasi kinachomalizwa kwa dakika mbili.

Wako wanaongoja mwezi mzima kisha wakabadilisha karibu nusu ya tangi kwa mkupuo. Ni kweli kwamba mkupuo huo huondoa uchafu mwingi, lakini joto, chumvi na madini hubadilika ghafla, na matumbawe hayavumilii mageuzi ya ghafla. Kidogo kila wiki ni salama zaidi.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, hutiwa klorini ili yatufae sisi kunywa. Klorini hiyo huwadhuru samaki na bakteria tuliowataja. Maji ya visima vingi vya Nairobi nayo yana floridi na madini mengine kwa wingi. Yafaayo zaidi ni yale yanayochujwa kwa mtambo wa utando mwembamba, kama yauzwavyo kwa mitungi katika maduka mengi ya mitaani. Muulize muuzaji kama huyarudishia madini baada ya kuyachuja. Kama huyarudishia, tafuta duka jingine.

Chumvi nayo ina hila yake. Katika vibanda vya sokoni mtu hupata paketi ya chumvi ya jikoni, na huenda imetoka Gongoni, kaskazini ya Malindi, katika bahari yetu wenyewe. Hata hivyo, si bahari tena. Maji ya bahari yanapoanikwa juani, fuwele za chumvi huchukuliwa na maji machungu yaliyobaki, yenye magnesi nyingi, huachwa. Kisha huongezwa madini joto kwa ajili ya afya zetu. Matumbawe yahitaji magnesi, kalisi na madini mengineyo yaliyokosekana humo. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Mtungi wa lita 20 huhitaji kama gramu 700 hadi 760, kisha upime: uzito wa maji uwe 1.025 au 1.026 ukilinganishwa na maji matamu.

Wenye jamaa Mombasa huletewa maji ya bahari yenyewe. Yafaa, mradi yatekwe maji yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya maji machafu, wala yasitekwe siku za mvua karibu na mdomo wa mto.

Maji mapya yatayarishwe siku moja kabla. Yakorogwe kwa pampu ndogo usiku kucha, yapashwe hadi nyuzi 25 au 26 kama ya tangini, maana usiku wa Julai Nairobi ni baridi. Siku ya kubadilisha, zima kwanza pampu na kipasha joto, fyonza maji kwa mpira huku ukinyanyua uchafu uliotulia juu ya mchanga, kisha mimina mapya polepole.

Maji yapunguayo kwa mvuke, pengine lita moja au zaidi kwa siku, yajazwe kwa maji matamu yaliyochujwa. Chumvi haiondoki na mvuke, hivyo ukijazia maji ya chumvi, tangi litazidi ukali kila siku.

Ama maji yaliyotolewa, yatumike kusuuza sifongo ya kichujio. Maji ya mfereji huwaua bakteria wake. Yasimwagwe kwenye gunia la sukuma wiki, kwani chumvi huharibu udongo.

Ipo hali moja isiyongoja zamu ya wiki. Kipimo kikionyesha amonia, au samaki wakipumua kwa shida juu ya maji, badilisha sehemu 2 au 3 kati ya 10 siku hiyo hiyo, kisha utafute sababu. Mara nyingi ni samaki aliyefia nyuma ya mawe. Kwa hiyo nyumba yenye tangi iweke akiba ya mitungi mitatu ya maji yaliyochujwa, hasa palipo na mgao wa maji.

Kuhusu israfu, baba ana haki ya kuuliza. Maji yanayomwagwa bila kipimo ni israfu, na ndivyo ilivyo pia kwa chakula kinachooza mchangani. Mtungi mmoja kwa wiki, uliopimwa na kuandikwa daftarini pamoja na kiwango cha nitrati cha siku hiyo, ni haki ya viumbe waliomo. Daftari hilo washike watoto. Nitrati ikipanda wiki mbili mfululizo, wapunguze chakula kabla ya kumwomba baba mtungi wa pili.