Msimlaumu Soja

Kila nikilalamika kuhusu pakingi, jibu la kwanza huwa ni lile lile: "Si ungemwambia soja?" Watu wa Nairobi tuna imani kubwa sana na soja. Soja ndiye atakayezuia bomu, ndiye anayejua duka la viatu liko orofa gani, na inaonekana ndiye atakayesimama mbele ya Prado nyeusi na kumwambia mwenyewe kwamba ile nafasi yenye mchoro wa kiti cha magurudumu si yake.

Nimemwambia soja. Nimewaambia masoja wengi, kuanzia Westlands hadi Ngong Road, na wengi wao wanajua haki zangu kuliko mameneja wao. Mmoja, mtu wa makamo, aliniinamia dirishani akasema kwa sauti ya chini: "Madam, naelewa kabisa. Lakini huyu ni mkubwa. Nikimwambia atoe gari, kesho mimi ndio nitatolewa." Ningemjibu nini? Anasimama saa kumi na mbili kwa siku, mshahara wake hauwezi kumpangishia hata chumba kimoja karibu na geti analolinda, na mimi nimtake agombane na mheshimiwa kwa niaba ya Katiba?

Kwa hiyo hasira yangu nimeihamisha, na nakuomba na wewe uhamishe yako. Iende kwa mwenye jengo, na kwa kampuni aliyoipa kandarasi ya kukusanya pesa za pakingi.

Mimi huendesha kwa mikono. Kando ya usukani wa gari langu kuna mkono wa chuma: nikiusukuma ni breki, nikiuvuta ni mafuta. Nikifika nafungua mlango hadi mwisho, naivuta fremu ya kiti changu kutoka upande wa abiria, naivusha juu ya kifua, naiteremsha chini, nafunga gurudumu la kwanza, la pili, naweka mto, ndipo najihamisha. Siku nzuri ni dakika saba. Siku ya mvua usiniulize.

Nafasi ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Watu wengi hudhani ile ya buluu imewekwa karibu na lifti ili tusichoke. Ukaribu ni mzuri, asante, lakini kinachoniwezesha kushuka ni upana. Marekani, viwango vinavyotokana na sheria yao ya 1990 vinataka pawe na ukanda mtupu wa angalau futi 5 kando ya nafasi hiyo. Uingereza miongozo yao husema mita 1.2. Hapa kwetu hata ule ukanda wa mistari ukichorwa, mtu wa pikipiki ya kupeleka chakula ataona amechorewa yeye.

Na kabla mtu hajaniambia nipande matatu: kuna makanga wanaotoza kiti nauli yake. Kiti changu kimewahi kulipiwa kutoka Kawangware hadi tao, na hakikupewa hata dirisha.

Kuna wengine husema, nyinyi mnaagiza magari bila ushuru, mnataka nini tena? Ni kweli, msamaha upo, mara moja kila miaka minne, na stakabadhi zake zinaweza kukuzeesha. Lakini hebu ufuate mpango huu mpaka mwisho. Serikali inanisamehe ushuru ili niweze kuendesha gari. Naendesha. Nafika dukani. Siwezi kushuka.

Mwaka jana, katika mall moja ya upande wa magharibi wa jiji ambayo sitaitaja, nilikuta nafasi tatu za buluu. Ya kwanza ilikuwa na Prado. Ya pili ilikuwa na hema la benki, vijana wawili wenye tisheti wakiwafungulia watu akaunti. Ya tatu ilikuwa na ndoo na mpira wa maji wa wale wanaoosha magari. Nikashuka hadi besimenti ya mwisho, nikaegesha nikiwa nimekanyaga mstari, nusu ya gari nafasi hii, nusu nafasi ile, ili mlango ufunguke. Beji yangu ilikuwa kwenye kioo cha mbele. Nikanunua maziwa, dawa na betri za saa. Niliporudi nilikuta klampu ya njano kwenye gurudumu la mbele na karatasi: kukalia nafasi mbili, shilingi 2,000.

Angalia gurudumu walilolifunga. Kulia, mbele, upande wa dereva. Kile chuma kilikuwa kimetokeza pale pale ninaposogeza kiti changu ili nijihamishe, kwa hiyo hata kuingia garini nisubiri ndani sikuweza. Nilikaa katikati ya njia ya magari, kwenye mwanga hafifu, dakika arobaini, kila gari linalokuja likinimulika usoni, mpaka kijana mmoja akaja na ufunguo. Alisema pole, na naamini alimaanisha. Nikamwomba anionyeshe kitabu chake cha risiti. Makosa yalikuwa yamechapishwa pale, ya kuwekewa alama tu: nafasi mbili, njia ya dharura, kupoteza tiketi, kulaza gari. Kosa la kuegesha kwenye buluu bila beji halikuwepo. Halikuwa na kisanduku. Kijana angetaka kumfunga yule wa Prado asingekuwa na mahali pa kuandika.

Hicho kitabu ndicho sera yao. Bango la mlangoni linalosema wateja wote wanakaribishwa liliandikwa na watu wa matangazo. Kitabu cha risiti kiliandikwa na watu wa pesa, na wao waliweka ndani kila kitu kinachowagusa.

Ukutani, juu ya gari langu, palikuwa na lile tangazo tunalolijua sote: magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Yaani kioo cha pembeni kikiibiwa, hao hawamo. Gari likikwaruzwa, hao hawamo. Lakini nikikanyaga mstari, ghafla wana mamlaka juu ya gari langu kuliko mimi. Mtu hawezi kukataa kuwa mlinzi wa gari saa nne na kuwa hakimu wake saa tano.

Meneja ukimfikia, ana neno lake moja: hapa ni mali ya kibinafsi. Analitamka kama vile Katiba ya 2010 inasimama kwenye kizuizi cha getini ikisubiri tiketi. Kifungu cha 20 kinasema haki zile zinambana kila mtu, si vyombo vya dola peke yake. Kifungu cha 260, kile cha maelezo ya maneno ambacho hakuna anayekisoma, kinasema "mtu" ni pamoja na kampuni. Kifungu cha 27 kinamkataza mtu kumbagua mwenzake kwa sababu ya ulemavu, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kifungu cha 54 kinanipa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Viunganishe hivyo vinne, na mall iko ndani, kizuizi na kila kitu.

Na si Katiba tu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 9 inawataja waziwazi watu binafsi wanaofungulia umma milango yao. Sheria ya 2003 ililipa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu uwezo wa kumwandikia mwenye jengo amri ya marekebisho. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi tunazo za kutosha kufunika besimenti nzima. Amri ya marekebisho iliyobandikwa kwenye mlango wa mall, mimi na kuzurura kwangu kote sijawahi kuiona.

Watasema ni gharama. Hapo ndipo nashindwa kuwa mpole. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 21, 2013, mall za jiji hili zilibadilika. Vioo vya kukagua chini ya magari, mashine za kupitishia mikoba, masoja wa ziada, vizuizi vipya. Hakuna aliyelia kwamba sakafu ni nyembamba au mkataba hauruhusu. Kulikuwa na sababu nzuri, na mimi pia nafungua buti bila kunung'unika. Lakini tumeona kwamba mwenye jengo akiamua kitu ni muhimu, pakingi yake hujipanga upya haraka sana. Kulinda nafasi tatu za buluu ni koni tatu, beji zilizosajiliwa, na kisanduku kimoja kwenye kitabu cha risiti.

Halafu kuna saa. Mall nyingi huwapa wateja dakika za kwanza bure, 20 au 30. Mimi dakika saba za kushuka na saba za kupanda zinakula 14 kabla sijagusa kitu dukani. Ukishalipa, unapewa muda wa kutoka. Nusu yake huishia nikibomoa kiti changu na kukipakia. Mashine ya kulipia nayo, kioo chake kimewekwa kwa urefu wa mtu aliyesimama, kwa hiyo naomba mpita njia anisomee kiasi. M-Pesa imenipunguzia aibu hiyo, angalau. Muda ule ule kwa kila mtu unaonekana kama usawa mpaka uketi kwenye kiti changu na kuanza kuuhesabu.

Siku hizi baadhi ya mall zina kamera zinazosoma nambari za gari getini. Kamera inajua nimezidisha dakika nne na inanitoza mara moja. Basi kamera hiyo hiyo, ikielekezwa kwenye buluu, inaweza kujua ni gari gani limekaa pale tangu asubuhi na kama nambari yake imo kwenye orodha ya beji. Kompyuta haiogopi mheshimiwa. Soja angepumzika.

Uingereza, ambako tulichukua mambo mengi mabaya bila kuulizwa, walishafika hapa. Tangu Oktoba 2012, kufunga klampu kwenye ardhi ya kibinafsi kule England na Wales ni kosa la jinai, isipokuwa sheria iwe imekuruhusu. Makampuni hayakufa, yalihamia kwenye kamera na barua za kudai pesa, na madereva wenye ulemavu huko bado wanabishana nayo kuhusu dakika. Beji yao ya buluu yenyewe haina nguvu ya moja kwa moja kwenye pakingi ya duka. Kinachomshika mwenye duka ni Sheria ya Usawa ya 2010, inayomtaka afanye marekebisho yanayofaa, na dakika za ziada ni aina ya marekebisho. Sisi tuna msingi imara zaidi, maana wetu uko ndani ya Katiba. Tunachokosa ni mtu wa kuutumia.

Sisemi katikati ya jiji ni peponi. Kuegesha Moi Avenue ukiwa na kiti ni kuanza mazungumzo marefu na ukingo wa barabara, na kanjo nao wana klampu zao. Lakini kanjo ana anwani. Kuna City Hall, kuna gavana anayeomba kura, kuna bunge la kaunti linalopitisha ada, kuna mahali pa kwenda kupiga kelele. Kwenye mall, meneja anakuelekeza kwa kampuni ya pakingi, kampuni inakuelekeza kwa mwenye jengo, na mwenye jengo ni herufi tatu za kwanza za jina ambalo hulipati popote.

Na wewe unayesoma hii, unayewasha taa za hadhari na kusema "ni dakika mbili tu, naingia ATM". Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya laki tisa wenye ulemavu, na shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Wachache kati yetu tuna magari, kweli, ndiyo maana ukiangalia buluu unaiona tupu na kudhani haina mwenyewe. Mwenyewe amezunguka besimenti mara tatu akarudi nyumbani.

Nimeiandikia ile mall barua, nakala kwa Baraza. Nimeuliza nafasi za buluu ni ngapi na nani aliruhusu hema. Nimeuliza mwenye beji anaongezewa dakika ngapi. Nimeuliza, kwa mwaka mzima uliopita, ni magari mangapi yaliyofungwa kwa kukanyaga mstari na mangapi kwa kukalia buluu bila beji, na nimeomba shilingi 2,000 zangu.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu. Sauti ya upole sana. Akasema, siste, haya mambo si ya barua, pitia ofisini tunywe chai tuyamalize. Nikamuuliza ofisi iko wapi. Iko mezanini, akasema, ukipita duka la vitabu, zile ngazi za kushoto. Nimemwambia nasubiri maandishi.