Kivuli Si Jibu, Acheni Kutukaririsha

Wasee, wacha niseme hii kitu bila kuzunguka: ile sheria ya "ukiona kubwa kuliko tia kivuli juu, ukiona ndogo kuliko tia chini" inatumaliza. Na kila mtihani ukikaribia inasambazwa kwa magrupu ya WhatsApp kama dawa.

Chukua y < x² − 4. Chora mkunjo kwanza: unakata mhimili wa x kwa −2 na 2, na chini kabisa unafika −4. Alama ni < peke yake, kwa hivyo mkunjo ni wa vitone. Ingekuwa ≤, ungechora laini nzima. Hapo hatuna ubishi.

Sasa kivuli. Maswali ya KCSE huwa yanakuambia utie kivuli eneo lisilotakiwa. Fungua YouTube, mwalimu wa Marekani anatia kivuli eneo linalotakiwa. Hesabu ni ile ile, picha zimepinduana, na wote wako sawa! Sasa yule mtoi wa kidato cha tatu anayesoma usiku kwa simu ya kuazima, hana pesa ya tuisheni, amfuate nani? Akikariri "ndogo, tia chini", kwa mtihani wetu amepaka kivuli eneo zuri na kuacha baya. Maksi zimeenda, halafu tunamwita mjinga.

Na njia iko, haigharimu hata bob: jaribu nukta. Chukua (0,0). Je, 0 ni ndogo kuliko −4? Zii. Basi upande wote ulio na (0,0), yaani ndani ya lile bakuli la mkunjo, hautakiwi. Huku kwetu tia kivuli hapo ndani. Kwa yule wa Marekani, tia nje. Na mkunjo ukipita kwenye (0,0) yenyewe, kama kwa y > x², chagua nukta nyingine, sema (0,1).

Najua walimu mtasema silabasi ni ndefu, hakuna wakati. Lakini wakati wa kutukaririsha juu na chini mnapata wapi? Kujaribu nukta ni mstari mmoja tu wa hesabu, na mwanafunzi anajua kwa nini amepaka alipopaka.

Kwa hivyo wewe, kabla ya kupaka popote: soma swali linataka kivuli upande gani, jaribu nukta moja, ndio ushike penseli.