Kura na Shule, Kamba Moja

Wandugu, kuna watu wanaosema kwamba inchi yenye katiba nzuri imekwisha kuwapa watu wake haki. Sisi tunawauliza: haki ile inalindwa na nani?

Tazameni Marekani. Mwaka wa 1870, badiliko la 15 la Katiba lilikataza kumnyima mtu kura juu ya rangi yake. Maneno safi. Lakini mwaka wa 1890 wakubwa wa Mississippi waliandika katiba ya jimbo lao, na katika mambo ya kura hawakutaja rangi. Walisema tu: mpiga kura alipe kodi ya dola mbili kwa mwaka, tena asome kifungu cha katiba, ao aeleze maana yake mbele ya karani. Karani ni mzungu. Yeye anachagua kifungu, yeye anasema jibu ni zuri ao ni baya. Mwalimu mweusi aliweza kuanguka pale ambapo mzungu asiyejua kusoma alipita.

Na katiba ile ile iliamuru watoto weusi wasome mbali na weupe. Mnaona ujanja? Karatasi moja inampeleka mtoto kwenye shule maskini, halafu, akiwa mtu mzima, inamdai asome kama wakili!

Mwaka wa 1954 Mahakama Kuu ilisema kutenga watoto shuleni kunavunja badiliko la 14. Huko Prince Edward, Virginia, wakubwa waliona afadhali wafunge shule zote za serikali, tangu 1959 hata 1964. Miaka mitano! Mtoto aliyekuwa wa miaka saba alirudi darasani akiwa na kumi na miwili.

Badiliko la 24, mwaka wa 1964, liliondoa kodi ya kura katika uchaguzi wa rais na wa Bunge la taifa. Vizuri. Lakini meno yalikuja na sheria ya Agosti 1965: ilisimamisha mitihani ya kusoma, ikatuma makarani wa serikali kuu kuandikisha watu. Katika Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa chini ya 7 kwa 100. Mwaka wa 1967 walikaribia 60. Neno la 1870 lilingoja miaka 95 kwa kupata msimamizi.

Basi, mwezi wa Juni 2013, Mahakama Kuu ile ile ilivunja kifungu kilichotaja majimbo yanayopaswa kuomba ruhusa kwanza kabla ya kugeuza sheria zao za kura. Siku ile ile wakubwa wa Texas walitangaza kwamba sheria yao ya kudai kitambulisho chenye picha itaanza mara moja.