Kamera ya Plastiki na Nidhamu ya Jicho

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Methali hii yanijia kila niionapo Holga, kamera ya plastiki iliyoanza kuuzwa Hong Kong mwaka 1982. Jina lake latokana na maneno ya Kikantoni yenye maana ya "mwanga mwingi". Nayo, kinyume cha jina, huhitaji jua kali ndipo ifanye kazi ipasavyo. Lenzi yake ni ya plastiki, pembe za picha huingia giza, na mwanga hupenya nyufani ukaitia filamu madoa.

Hata hivyo, mwaka 2000 mpigapicha David Burnett alimpiga Al Gore kwa Holga katika kampeni za urais nchini Marekani, na picha hiyo ikatuzwa mwaka uliofuata. Lililotuzwa ni jicho, si chombo.

Filamu moja hutoa picha 12 au 16 tu. Kwa hiyo, mwanafunzi hulazimika kuchagua kabla ya kubonyeza, ilhali mwenye simu hupiga mia asizitazame tena. Hapo ndipo penye somo.

Lakini tusihadaike. Kasoro pekee haizai sanaa, na anayetaka kuhifadhi hati kuukuu kwa picha hatafaa kitu na kamera hii, kwani maandishi ya pembeni yatapotea. Walimu wanaolea vyama vya upigaji picha shuleni wafunze mambo mawili: kutumia vyema kilichopo, na kutambua pale kisipotosha.