Aliyenasa Kasa Aweze Kusema Ukweli



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyahanga. Mama alinipa ungo nichambue dagaa kabla ya kuwaosha. Ndani yake nilikuta vitoto vya sangara, kila kimoja kama kidole. Mama akatikisa kichwa: "Mwanangu, hawa wangeachwa wakue, mmoja angelisha nyumba nzima."

Mvuvi wa dagaa hakuwatafuta hao. Kanuni zetu zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, lakini wavu hauna macho. Ndiyo maana katika Mathayo 13 Bwana wetu anasimulia juya lililokusanya samaki wa kila namna, na kazi ya kuchambua ikafanyika pwani. Tatizo letu leo liko hapo pwani: tunachambua, halafu tunanyamaza.

Baharini ukimya huo una gharama kubwa zaidi. Jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa hunasa pia kasa na nguva, viumbe wanaolindwa na sheria. Kasa anavuta hewa kama sisi. Akinaswa chini usiku, alfajiri ni mzoga. Mvuvi aliyemkuta afanye nini? Akitoa taarifa, anaogopa faini au kifungo. Akimtupa au akimla kwa siri, hakuna atakayejua. Wengi tungechagua nini? Tuseme kweli.

Hata kwenye meli kubwa hali si tofauti sana. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inataka waangalizi wafuatilie angalau asilimia 5 ya shughuli za uvuvi za meli zenye urefu wa mita 24 au zaidi. Sehemu kubwa iliyobaki inategemea kile ambacho nahodha mwenyewe ameandika kwenye kitabu chake. Kwa maneno mengine, inategemea dhamiri.

Lakini taarifa ikitolewa, inazaa matunda. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini alivuliwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao walianza kumnasa, hasa Tanga, kwenye majarife ya kina kirefu. Hawakuwa wakimtafuta. Habari zilifika kwa wataalamu, samaki wakapimwa na kuhesabiwa, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kama kila mvuvi angemficha, tungelinda kitu gani?

Maoni yangu ni haya: sheria na viongozi wa mialo wamtofautishe waziwazi anayenasa kwa bahati mbaya na kusema, na yule anayewinda au kuficha. Wa kwanza asiadhibiwe.

Sisi Wakatoliki tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Nani angekwenda kuungama kama askari angekuwa amesimama nyuma ya kiti cha padri? Kanisa linalinda siri ya maungamo ili mtu aweze kusema ukweli wote. Najua taarifa ya mvuvi si sakramenti. Lakini woga wa binadamu ni ule ule.

Mtu atasema: "Basi kila jangili atadai ni bahati mbaya." Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake tunalo pia katika kitubio. Maungamo bila nia ya kujirekebisha hayatoshi. Vivyo hivyo mvuvi atoe taarifa mara moja. Kiumbe aliye hai arudishwe majini. Aliyekufa akabidhiwe, asiuzwe. Na kama ni mahali pale pale kila mara, abadili wavu au aache kutega hapo. Anayekataa masharti hayo amejitofautisha mwenyewe.

Watu wa ukanda wa dhahabu hatuhitaji kwenda pwani ili kuelewa. Duara likititia na watu wakanusurika, kishawishi ni kunyamaza, maana taarifa inaweza kufunga kazi. Kesho linatitia tena, na safari hii tunachimba makaburi.

Katika Laudato Si', namba ya 40, Papa Fransisko alitaja uvuvi usiodhibitiwa, na ule unaotupa sehemu kubwa ya kilichovuliwa. Maneno hayo yanatuhusu hata sisi tusio na mtumbwi. Maji tunayokunywa Kahama yanatoka Ziwa Victoria, kupitia Ihelele. Kitoweo chetu kinatoka huko huko.

Ndugu mseminari, kesho unaweza kupangiwa parokia yenye mialo. Kutana na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Waulize mvuvi aliyekosea anapokelewaje, na uwe tayari kumsindikiza anayeogopa kwenda kusema. Nawe mwanaparokia, ukikuta vitoto vya sangara kwenye dagaa wako, mwambie muuzaji kwa upole, naye amwambie aliyemletea. Mama yangu ameshaanza. Wiki iliyofuata muuzaji wake alimjibu: "Mama, nimewaambia. Wamekasirika, lakini wamesikia."