Jua, Kivuli na Miche ya Miti Yetu



Naomba nafasi katika jarida letu nipate kuwaambia wanachama wenzangu neno moja juu ya miti tunayoipanda kila mwaka. Neno lenyewe ni hili: miche mingi ya miti ya asili haifi kwa ubaya wa udongo wa bonde hili la Kilombero, wala kwa uvivu wa wenye kumwagilia. Hufa kwa sababu twaipa jua au kivuli pasipo kipimo.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo ni jema, na sisi makarani ndio tuandikao hesabu zake. Katika ofisi moja niliyopata kuitumikia tulipokea miche 200 ya mikangazi, iliyolelewa chini ya mwembe mkubwa. Ilikuwa miche mizuri, yenye majani mapana, hata wageni wakaisifu. Asubuhi moja hotuba zilitolewa, miche ikapandwa katika uwanja mtupu, picha zikapigwa, nasi tukarudi mezani kuandika ya kwamba miche 200 imepandwa. Baada ya juma moja majani yalikuwa yamebabuka kama yaliyopitiwa na moto. Kiangazi kilipokwisha nilikwenda kuhesabu mwenyewe, nikapata miche 11. Hesabu hiyo haikuandikwa mahali popote, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake.

Wenzangu walisema kwamba miti ya porini haipendi kupandwa. Mimi sikubali. Miti hiyo imejiotea katika bonde hili tangu kale, nasi yatupasa kutazama jinsi inavyofanya. Nendeni msitu wa Magombera, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019, au misitu ya chini ya milima ya Udzungwa. Nje ni mchana wa jua kali, lakini ndani mtaona giza la magharibi. Mahali penye majani mengi, mwanga ufikao chini ni sehemu 1 au 2 tu kati ya 100. Humo mtakuta miche iliyoishi miaka mingi, nayo haijapita goti la mtu. Haikui, wala haifi, yangoja. Siku mti mkuu unapoanguka kwa upepo, jua huingia kwa lile pengo, na miche huinuka kwa kushindana.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Jani ni jiko la mti, na jua ndilo moto wake. Mche uliolelewa kivulini hufanya jani pana na jembamba, ili ukusanye ule mwanga mdogo uliopo. Jani hilo likitolewa juani ghafla hupata mwanga kuliko liwezavyo kuutumia, na maji hulitoka upesi kuliko mizizi michanga iwezavyo kuyaleta, basi huungua. Mche uliozoea jua una majani madogo na manene. Lakini jani lililokwisha kukomaa kivulini haliwezi kugeuka kuwa la juani. Mche hauna budi kuchipua majani mapya, na kazi hiyo yataka siku. Kwa upande mwingine, kivuli kikizidi nacho ni hasara: mche hurefuka kwa kutafuta mwanga, shina likawa kama unyasi, na mizizi ikawa michache. Karani mpya hapewi funguo za hazina siku ya kwanza. Wala hafungiwi katika stoo miaka kumi, kisha akatazamiwa kujua kazi.

Wala miti yote haina tabia moja. Mkangazi huvumilia kivuli cha wastani katika utoto wake. Ukisimama peke yake uwanjani, kiwavi huja akatoboa ncha yake, nao hugawanyika matawi mapema, ubao mrefu ukapotea. Kivuli cha ubavuni hupunguza hasara hiyo.

Mvule ni mwingine. Mbegu yake ni ndogo mfano wa punje ya ulezi, na popo walao matunda yake ndio waitawanyao. Mbegu ndogo namna hiyo haina akiba, kwa hiyo mche wake hauwezi kungoja gizani miaka mingi. Huota mahali palipofunguka, kama vile mashambani. Hata hivyo, mivule mitupu ikipandwa pamoja huvamiwa na mdudu mdogo afanyaye vinundu katika majani na ncha changa, na vinundu vikipasuka ncha huoza. Basi mvule wataka mwanga juu yake, na miti ya aina nyingine kando yake.

Mkongo una mbegu kubwa nyeusi yenye kikofia chekundu. Hiyo ina akiba ya kutosha, na mche wake huanza kwa nguvu. Lakini mninga, mti wa miombo ya miinuko ya kando ya bonde, hautaki kivuli, tena una desturi ya kudanganya watu. Kila kiangazi shina lake changa hukauka likafa. Mpandaji hudhani ya kwamba mche umekufa, akaung'oa. Kumbe mzizi u hai chini, unanenepa, na mvua zikinyesha huchipua tena. Huenda hivyo miaka mingi, mpaka mzizi upate nguvu ya kuinua shina lisilokufa. Ni minge kiasi gani tuliyoing'oa kwa kutojua!

Yuko atakayeuliza, kwa nini tusipande mitiki, isiyo na taabu hizi? Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 mashamba makubwa ya mitiki yamestawi katika bonde letu, nami sina ugomvi na mti huo. Lakini mtiki ulitoka Asia, nao hupenda jua tangu utoto wake. Umestawi uwanjani kwa kuwa umepewa ukitakacho. Huo si ushahidi wa kuishinda miti yetu, bali ni ushahidi wa neno langu: kila mti upewe kipimo chake. Tukiridhika na mitiki peke yake, watoto wetu wataujua mvule na mkangazi kwa milango ya nyumba za zamani tu.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, vitalu vyetu viwe na kichanja cha nyasi kinachoweza kupunguzwa. Majuma 4 hadi 6 kabla ya kupanda, nyasi zitolewe kidogo kidogo, mpaka mche uzoee jua kamili. Pili, tuache kupanda kila mche katika uwanja mtupu kwa ajili ya picha. Mkangazi upandwe kati ya migomba au mbaazi, na mninga uachiwe mahali peupe. Tatu, Kamati ya Chama iwaandikie wakuu wa ofisi kuomba fomu ziongezwe safu moja: miche iliyo hai baada ya kiangazi. Ikiwa ni mninga, iandikwe baada ya mvua za kwanza, usije ukahesabiwa miongoni mwa wafu.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mkangazi mambo ni kinyume: ule kwanza kivulini, ndipo uweze kuchuma juani. Sisi tulioandika hesabu za miche iliyopandwa twajua ni mingapi tuliyoikuta hai. Tukinyamaza, fomu zitajaa miti na bonde litabaki tupu.

Ni mimi,
Mwanachama, Ifakara